Wageni wamefika Mwanza na wanataka kuogelea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Shule zikifungwa tu, Juni au Desemba, simu yangu haipumui. Wifi anauliza, mjomba anauliza, jirani aliyeshtukizwa na wakwe anagonga geti kuuliza. Wanaouliza hubadilika, maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya. Soma lile lako tu ukipenda. Penye habari zaidi nimekuelekeza.

## Kwanza kabisa

Mwanza kuna chemchemi ya maji moto, kama Chemka ya kule Hai?

Hakuna. Ndugu wa Moshi na Arusha ndio huuliza sana, maana wamezoea kubeba mataulo na kwenda kujitupa Chemka. Chemchemi za moto hufuata nyufa za ardhi, na nyingi zinazojulikana nchini ziko kwenye Bonde la Ufa: Songwe kule Mbeya, au Maji Moto ndani ya Hifadhi ya Ziwa Manyara. Sisi tumekaa katikati ya mikono miwili ya bonde hilo, juu ya mwamba wa graniti wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ndiyo hayo mawe unayoyaona yamebebana kila kilima, na nyumba zimejibanza katikati yake.

Na tusidanganyane, hata Chemka yenyewe jina limeizidi. Maji yake ni vuguvugu tu, hayachemki.

Na Majimoto ya Mara? Si kanda yetu hii hii?

Ipo kata ya Majimoto, Wilaya ya Serengeti. Lakini kutoka Mwanza unapita Magu, Lamadi na Bunda ndipo uingie ndani, zaidi ya kilomita 200 kwenda tu. Hiyo si safari ya kwenda na kurudi siku moja ukiwa na bibi na watoto wa chekechea. Mtafika mmechoka, mtakaa saa moja, halafu mtarudi usiku.

Tena maji ya moto ya asili hayana bomba la kupunguzia. Mtu mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi anaweza kuungua bila kujua, na mjamzito hatakiwi kujilowesha kwenye maji ya moto sana. Kama bibi ndiye anayetaka maji ya moto, soma swali lake hapa chini kabla hujakodi gari.

Sasa siku ya maji Mwanza ni ipi?

Kwa ninavyoona mimi, maji ya kuingia yawe ya bwawa, maji ya kutazama yawe ya ziwa. Watoto waogelee kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, watu wazima wakae kivulini ziwa likiwa mbele yao, mle sato, na kama muda upo mpande boti. Ukanda wa Ilemela, kutoka Pasiansi kwenda Igombe, una sehemu nyingi za aina hiyo. Upande wa Luchelele pia kuna utulivu.

Ziwa lina baridi?

Halina. Juu juu ni nyuzi joto 25 hivi karibu mwaka mzima. Shida ya ziwa letu si baridi.

## Kuingia majini

Kuoga ziwani kuna ubaya gani? Mbona watoto wa huku wanaoga kila siku?

Wanaoga, na wengi wao wana kichocho. Hilo ndilo jibu, ingawa wageni hudhani nawatisha.

Kichocho hakiingii kwa kunywa maji tu, kama wengi wanavyodhani. Kuna konokono wadogo wa maji baridi wanaokaa pale penye kina kifupi, maji yaliyotulia na majani. Konokono huyo anatoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo vinatoboa ngozi yako vikaingia. Dakika chache zinatosha. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, yaani saa zile zile ambazo familia imeshamaliza kula na kila mtu anataka kujimwagia maji.

Kichocho cha ziwani ni kile cha tumbo zaidi: minyoo hukaa kwenye mishipa ya utumbo na ini, mtu akaanza kuumwa tumbo na kupata choo chenye damu, na kikiachwa miaka mingi ini huharibika. Kile cha mkojo wa damu kinapatikana zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga huko Usukumani ndani.

Ufukwe wenye mchanga mtupu na mawimbi una hatari ndogo kuliko ule wenye magugu. Ndogo, si sifuri. Mhudumu akikuambia "hapa kwetu kichocho hakuna", mshukuru, kisha uendelee na msimamo wako.

Tulishaingia. Tufanye nini?

Msikimbilie duka la dawa jioni hiyo hiyo. Dawa yake ni prazikwanteli, nayo inaua minyoo iliyokomaa, michanga inapona. Kwa hiyo mtu hupewa baada ya wiki kama sita hadi nane tangu aingie majini, kwa kipimo kinachotokana na uzito wake. Nenda kituo cha afya, eleza tarehe uliyoingia.

La muhimu zaidi ni mgeni anayerudi kwao. Mwenyeji aliyekua ziwani mara nyingi hahisi chochote mwanzoni, lakini mtu ambaye hajawahi kukutana na kichocho anaweza kupata homa kali, kikohozi na vipele wiki kadhaa baadaye, akiwa ameshasahau hata jina la ufukwe. Mpwa wangu wa Dar alipata homa mwezi mmoja baada ya kuondoka hapa. Hospitali waliyompeleka ilimtibu malaria mara mbili, vipimo vyote vikisema hana. Dada aliponipigia kulalamika ndipo nikakumbuka yule mtoto alivyoshinda kwenye matete akiwinda vifaranga vya samaki kwa kikombe cha plastiki. Nikamwambia: "Dada, rudi kwa daktari, umwambie neno moja tu, kwamba aliingia Ziwa Victoria." Walipompima kwa kutafuta hilo, wakalipata.

Mamba na viboko je?

Wapo, hasa mbali na mjini na kwenye ghuba zenye matete. Usimuulize mhudumu wa baa, waulize wavuvi. Wakisema sehemu fulani haiogwi, usidai sababu. Na jioni ikianza kuingia, ondokeni ukingoni, kwa sababu kiboko hutoka kula nchi kavu usiku.

Nitajuaje bwawa la hoteli ni salama?

Simama ukingoni, upande wa kina kirefu, utazame chini. Ukiona vigae na mistari yake vizuri, ingia. Ukiona kijani au ukungu, hata kama kiingilio mmeshalipa, msiingie. Pitisha kidole kwenye ukuta wa bwawa chini kidogo ya maji: ukiteleza kama umeshika kambale, klorini haitoshi. Harufu kali ya dawa inayochoma macho nayo si sifa. Mara nyingi ina maana maji yamebeba uchafu mwingi uliokwisha kupambana na dawa.

Nasema hivi kwa sababu tuliwahi kulipa watu kumi na mmoja sehemu moja kwa sababu picha zake zilikuwa nzuri. Tulifika maji ni rangi ya mlenda. Kiingilio hakirudishwi, tukaambiwa. Tukakaa tunakunywa soda huku watoto wamevaa maboya yao ya mikononi, wamenuna. Tangu siku hiyo natazama maji kwanza, pesa baadaye.

Watoto wataangaliwa na nani? Si tutakuwa wengi?

Hapo penye "tuko wengi" ndipo mtoto anapozama. Kila mtu anadhani mwingine anatazama. Kwetu tunagawana zamu kwa jina: shangazi nusu saa, kisha baba Neema, kisha mjomba. Mwenye zamu haangalii simu, hali chakula, hachomi mishikaki. Zamu ikiisha anamkabidhi mwenzake kwa mdomo: "Sasa ni wewe." Wapwa zangu hunicheka kwamba nimeweka ulinzi wa benki. Sawa.

Maboya ya mikononi na yale ya kiunoni yenye kichwa cha bata ni vitu vya kuchezea, hupinduka. Mtoto asiyejua kuogelea awe mahali ambapo mkono wako unamfikia. Kumbuka pia kwamba mabwawa mengi hayana mwokoaji, na mabadiliko ya kina hayajachorwa popote.

Mtoto akinywa maji na kupoteza fahamu?

Mtoe, mlaze chali mahali pagumu. Usimning'inize miguu juu, usimbinye tumbo. Watu hufanya hivyo kwa nia njema na wanapoteza dakika. Kama hapumui, mpulizie pumzi tano mdomoni huku umemziba pua, kisha mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi, mara 30 kwa kila pumzi mbili, bila kukata tamaa. Mwingine apige simu 114, ya Zimamoto na Uokoaji, na mwingine aandae gari. Hata akizinduka akaanza kulia, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi ana presha na miguu inamuuma. Yeye ndiye alitaka maji ya moto.

Basi bibi apewe maji ya moto, na asisafirishwe kilomita 200 kuyafuata. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Singida akiwa na wazo hilo hilo. Tulimkalisha barazani kwenye kiti chenye egemeo, tukamwekea karai, maji ya uvuguvugu mzuri yanayofika juu kidogo ya kifundo, chumvi ya mawe gao moja. Mtu mwenye miguu mizima ajaribu maji kwanza kwa kiwiko, si bibi mwenyewe. Alikaa dakika kumi na tano, akasema, "Eeh, mkwe, hapa pananitosha," na alipofika ufukweni kesho yake alikuwa anatembea bila kushikwa.

Wenye presha wasikae kwenye maji ya moto mwili mzima wala wasiinuke kwa ghafla. Dawa za asubuhi zinywewe kabla ya kuondoka nyumbani.

## Kupanda boti

Saanane inafaa kwa familia?

Inafaa sana, na wenyeji wengi hawajawahi kufika. Unapandia boti Capri Point, na safari ni kama robo saa. Kisiwa kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kikawa hifadhi ya taifa 2013. Kwa kilomita za mraba 2.18, ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote nchini. Jina limetokana na Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa na makazi pale.

Utaona swala pala, pimbi wameanikwa juani kama mikate, na mijusi wenye kichwa na mabega mekundu, mwili wa bluu. Kitaalamu wamepewa jina la mji wetu, *Agama mwanzae*, lakini watoto wanawaita Spider-Man na hawataki kusikia kingine. Vaeni viatu vya kushika, kwa sababu njia ni za mawe. Bibi anaweza kubaki chini kivulini wengine wakipanda. Msibebe mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, na hifadhini ndiyo kabisa.

Shemeji zetu wana pasi za nje. Watalipa bei yetu?

Hapana, na jambo hili limeshaharibu tafrija nyingi getini. Kiingilio cha hifadhi hupangwa kwa uraia, si kwa kabila wala kwa ufasaha wa Kisukuma. Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima, kwa hiyo ndugu aliyechukua pasi ya Marekani au Uingereza ni mgeni kwenye karatasi, hata kama kitovu chake kimezikwa Magu. Wenye uraia wa nchi za Afrika Mashariki wana kundi lao. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi.

Mwambieni mapema, mkiwa nyumbani, na kila mtu abebe kitambulisho. Malipo si ya fedha taslimu, yaani andaeni simu au kadi.

Shangazi anaogopa maji. Tumlazimishe?

Msimlazimishe. Watu wa umri wake wanakumbuka kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 21, 1996, na wadogo wanakumbuka kuzama kwa kivuko cha MV Nyerere, Septemba 20, 2018. Katika familia nyingi za huku hizo si habari za redioni, ni majina ya watu. Usimwambie "hakuna kitu".

Kinachosaidia ni kumwonyesha jaketi okozi kabla hajaona boti. Kila mtu avae, hata anayejua kuogelea, na kama boti haina za kutosha msipande. Asipotaka bado, kuna kivuko cha Kamanga: ni kikubwa, kinabeba magari, nauli ni ndogo, na kinapita karibu na Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu lililosimama majini. Kwenda na kurudi ni matembezi kamili. Shangazi yangu alikubali hicho kwa sababu, kwa maneno yake, "kama lori linaelea, na mimi nitaelea."

Mvua ikinyesha?

Vuli huwa Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Dhoruba za katikati ya ziwa hupiga zaidi usiku na alfajiri, ila mchana nao upepo unaweza kuinua mawimbi. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari. Ngurumo ikisikika, kila mtu atoke majini, ziwani au bwawani, na msijikinge chini ya mti mmoja mrefu.

## Gari, chakula na pesa

Tuondoke saa ngapi?

Ukitaka watu wawe garini saa tatu, tangaza saa mbili. Wageni wa Dar wataamka wakidhani bado ni usiku, kwa sababu jua la Mwanza huchomoza kama nusu saa nyuma ya lao. Watumie nusu saa hiyo kwa chai. Anayesuka nywele asuke jana yake.

Kosta, Noah au daladala?

Kuanzia watu kumi, kosta ya kukodi huwa nafuu kuliko bajaji nne zinazopotezana. Kabla ya kutoa kianzio, mkubaliane mambo matatu: mafuta ni juu ya nani, dereva anakula kwenu au anapewa posho, na saa ya mwisho ni ipi. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, kisha saa kumi na mbili jioni dereva anaanza kupiga honi samaki wakiwa bado jikoni.

Tubebe chakula au tununue?

Sehemu nyingi zenye bwawa haziruhusu chakula cha nje, na nyingine kiingilio hukatwa kwenye chakula. Uliza kwa simu. Maji ya kunywa na uji wa mtoto kwa kawaida hawakatai.

Mkinunua, agizeni samaki mara tu mnapofika, kabla hata ya kuvua viatu. Sato wa kuchoma wa watu kumi si wa nusu saa. Nenda jikoni ukachague mwenyewe. Hilo huku si utovu wa adabu. Fungua shavu: liwe jekundu, si kahawia. Jicho liwe limejaa. Bonyeza ubavu kwa kidole, kishimo kirudi. Mwenye hofu ya miiba apewe sangara, ambaye ni mnofu mtupu, lakini ukimpa mgeni sangara halafu wewe ukala sato, atajua.

Asubuhi wekeni michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga kwenye chombo cha kula njiani. Watoto wa mjini huidharau kwa dakika tano, halafu chombo kinarudi kitupu.

Nani analipa?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini jembe lenyewe halisemwi mezani. Kwetu mwenyeji analipa gari na chakula, wageni wanalipa viingilio, na baba mdogo mwenye kazi nzuri anaachiwa soda bila kuombwa. Kama hali yako ni ngumu, sema mapema kwa mmoja wao unayeaminiana naye, aliyepo upande wao. Yeye ndiye atakayepitisha mchango, si wewe.

Wageni wetu ni watu wa kujisitiri. Mavazi itakuwaje?

Piga simu uulize, kwa sababu sheria ya mabwawa mengi ni nguo za kitambaa cha kuogelea, na khanga au fulana ya pamba hukataliwa. Nguo ya kuogelea ya kufunika mwili mzima kwa kawaida inakubaliwa. Epukeni Jumapili mchana, muziki na watu ni wengi mno. Siku ya kazi asubuhi kina mama wanaweza kupata bwawa karibu lote. Ulizia pia nani kachinja, na mahali pa kuswali.

## Mengineyo

Tuna siku moja zaidi. Tuwapeleke wapi?

Bujora, Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, yapata kilomita 20 kutoka mjini. Ni makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Kuna ngoma za watemi, na mtapata kisa cha Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yaliyoshindana mpaka kwa dawa. Wafundisheni watoto kusema "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kabla ya kufika. Mzee atakayewapokea atafurahi kuliko mkimpa bahshishi.

Daraja la Kigongo–Busisi linafaa kwa matembezi?

Linafaa kama mna ndugu wa kusalimia Sengerema au Geita. Lilifunguliwa Juni 19, 2025, lina urefu wa kama kilomita 3, na waliowahi kusota kwenye foleni ya kivuko hulipita kimya kimya kama wako kanisani. Msisimamishe gari katikati kwa ajili ya picha.

Kuna mtoto mchanga na mama mjamzito. Waje?

Waje, ila siku yao ni ya kivuli. Tuko karibu na ikweta na mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua linachoma hata kukiwa na wingu. Mjamzito anaweza kuogelea kwenye bwawa safi akijisikia vizuri, asiingie ziwani (tazama majibu ya kichocho). Mtoto mchanga asiingizwe majini popote. Jioni avalishwe mikono mirefu kabla mbu hawajaanza.

Mjomba hataki kwenda kokote. Anasema amekuja kulala.

Muachie ufunguo, hotipoti ya ugali na sato wawili, na rimoti.